Lenzi Moja kwa Mlima Mzima

Msitu wa Ngurdoto, mashariki mwa Mlima Meru, ndio mahali ninapopaamini kuliko pote kwa kupima lenzi inayodai kufanya kila kazi. Asubuhi mbega huwa juu kabisa ya miti, wakirukaruka kutoka tawi hadi tawi. Manyoya yao ni meusi tii na meupe pe, kivuli cha msitu ni kizito, na wingu la kipupwe mara nyingi halijaachia. Lenzi inayotoa picha safi hapo itakutosha karibu kila mahali Arusha. Nyingi za aina hii hushindwa, na sababu yake inaanzia dukani. Mnunuzi huuliza, “Inavuta mpaka wapi?” Muuzaji humtajia milimita, biashara ikaisha. Swali lililobaki bila kuulizwa ndilo zito: ikishavuta mpaka huko, inapitisha mwanga kiasi gani?

Tuzungumzie lenzi zenyewe. Ni zile zinazoanzia upana wa kuingiza Meru yote kwenye fremu na kuishia urefu wa kujaza fremu hiyo kwa kichwa cha twiga, bila kubadilisha kitu. Kwa kamera za siku hizi zisizo na kioo cha ndani, Canon walitoa RF 24-240 mwaka 2019, yenye gramu 750. Mwaka 2020 Tamron walikuja na 28-200 ya kamera za Sony, gramu 575 tu. Mwaka 2024 Nikon wakatoa Z 28-400, gramu 725. Kwa kamera zenye sensa ndogo za Sony na Fujifilm ipo Tamron 18-300, ambayo juu ya sensa hiyo huona kama 27-450. Hiyo namba ya mwisho huwasisimua wengi, lakini sensa ndogo nayo hukusanya mwanga pungufu, kwa hiyo chenga, zile punje zinazochafua picha, huanza kuonekana mapema.

Namba f iliyoandikwa kwenye lenzi hupatikana kwa kugawanya urefu wake kwa upana wa tundu linalopitisha mwanga. Lenzi ya milimita 400 kwa f/8 inahitaji tundu la milimita 50. Ukitaka milimita 400 hizohizo kwa f/2.8, tundu lazima lifike milimita 143, na ndiyo maana lenzi za namna hiyo zinakaribia kilo 3 na huonekana mikononi mwa watu wachache sana. Mtengenezaji wa lenzi ya kila kazi hana ujanja wa kulikwepa gawanyo hilo. Akitaka uzito uwe chini ya kilo, lazima apunguze mwanga upande mrefu. Kwa hiyo f/6.3 na f/8 unazoziona mwishoni mwa jina la lenzi si uzembe wa kiwanda. Ni bei ya wepesi, na wewe ndiye utakayeilipa ukiwa porini.

Sasa turudi kwa mbega. Tuseme chini ya miti ile, kwa f/2.8, kamera inahitaji ISO 1600 ili upate kasi ya 1/500 ya sekunde, kasi ambayo kwa mnyama anayeruka bado ni ya wasiwasi. Kwa f/5.6 kamera itadai ISO 6400. Kwa f/8 itadai ISO 12,800. Chenga zinapopanda hivyo, kinachopotea kwanza ni tofauti ndogondogo ndani ya rangi nyeusi. Manyoya ya mgongoni yanakuwa bonge moja jeusi lisilo na unywele, na ukijaribu kuling'arisha kwenye kompyuta linakuwa la kijivu lenye madoadoa. Ukipunguza kasi ili kuokoa ISO, mbega anageuka ukungu. Kidhibiti mtikisiko hakikusaidii hapo, maana kazi yake ni kutuliza mkono wako na wala si mnyama. Canon, Nikon na ile Tamron 18-300 zinacho ndani ya lenzi. Tamron 28-200 haina, inategemea kilichomo ndani ya bodi ya kamera, kwa hiyo mwenye bodi ya zamani alichunguze hilo kabla ya kutoa fedha.

Ningekuwa na nia ya kuzikataa lenzi hizi ningeishia hapo. Lakini panda mlima. Njia ya Meru inaanzia geti la Momella, inapita kibanda cha Miriakamba kwenye mita 2,500 na ushee, kisha Saddle karibu mita 3,570, halafu usiku ule mrefu wa kukwea ukingo wa kreta hadi juu, zaidi ya mita 4,500. Huko kila gramu mgongoni ina uchungu wake. Jua linapochomoza nyuma ya Kilimanjaro, anga lote linawaka na mlima unabaki umbo jeusi. Mwanga upo wa kumwaga, na mlima hauruki. Hapo f/8 inatosha kabisa.

Na urefu unaleta faida unayoweza kuipigia hesabu. Kutoka kilele cha Meru hadi Kibo ni takribani kilomita 70, na kreta ya juu ya Kibo ina upana wa kama kilomita 2.4. Kwa milimita 200 kwenye sensa kubwa, taji hilo la Kibo huchukua karibu moja ya tano ya upana wa fremu. Kwa milimita 400 huchukua karibu mbili ya tano. Inamisha kamera kidogo, rudisha lenzi kwenye 28, na umepata shimo la kreta ya Meru pamoja na koni ya majivu chini yake. Kufanya hayo mawili kwa lenzi mbili, vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi, ni kuomba kitu kiporomoke.

Kamera zisizo na kioo ndizo zilizofanya lenzi hizi ziwe za maana. Zamani kamera nyingi za kioo zilianza kubabaika kulenga tundu likiwa dogo kuliko f/5.6, na chache tu zilimudu f/8. Sasa kamera hulenga kwa sensa yenyewe, hivyo f/8 haitishi tena. Jambo la pili ni hesabu za programu. Canon 24-240 kwenye milimita 24, ukifungua faili ghafi bila marekebisho, utakuta pembe nyeusi na mistari iliyopinda. Kamera huinyoosha picha kabla hujaiona. Wako wanaoona huo ni udanganyifu. Mimi sioni hivyo, maadamu picha iliyonyooshwa ina ukali unaoridhisha kwenye pembe. Pembe hizo zitazame kwa jicho kali, kwa sababu ndiko kunakovutwa zaidi.

Halafu kuna vumbi, na kwa Arusha hili pekee laweza kuamua. Kuanzia Julai hadi Oktoba, ndani ya Land Cruiser iliyofunguliwa paa, hakuna mahali salama pa kuvua lenzi. Kamera isiyo na kioo ukiivua lenzi, sensa mara nyingi iko wazi mbele kabisa. Baadhi hufunga shata zinapozimwa, nyingine hazifungi. Doa la vumbi huonekana zaidi kadiri tundu linavyokuwa dogo, tena huonekana kwenye anga, na picha za Momella na za uwanda wa Serengeti Ndogo ni anga tupu. Lenzi isiyovuliwa kutwa nzima ni kinga halisi. Ila ujue kwamba lenzi hizi hurefuka unapovuta, na zikirefuka hufyonza hewa. Zile zenye mpira wa kuzuia unyevu kwenye kitako zina nafuu, lakini futa bomba la lenzi kwa kitambaa kabla ya kulirudisha ndani.

Mchana kuna adui mwingine ambaye hakuna lenzi inayomshinda. Joto likishapanda juu ya nyasi, hewa hucheza, na nyati aliye mbali kwa milimita 400 anatoka kama aliyechorwa kwa maji. Watu huirudisha lenzi dukani wakidhani ni mbovu. Sogea karibu, au ngoja jioni.

Kwa karibu kabisa lenzi hizi zina zawadi isiyotangazwa sana. Tamron 18-300 hulenga kitu kilicho sentimita 15 tu kutoka kwenye sensa ikiwa kwenye 18, na Nikon 28-400 hulenga kwa mita 1.2 ikiwa kwenye 400. Kinyonga ukingoni mwa njia, au ua la msituni, unavipata bila kubeba lenzi nyingine.

Nani basi anunue? Dereva anayeongoza watalii, anayepiga picha kwa mkono mmoja huku akijibu redio ya gari, anunue bila kusita. Mpanda mlima pia. Mpiga picha wa harusi na sendofu aiache, kwa kuwa ukumbi wa usiku ni Ngurdoto nyingine yenye taa za rangi. Mwenye fedha kidogo iliyobaki aongeze lenzi ndogo isiyovuta, kama Canon RF 50 f/1.8 ya gramu 160 au Nikon Z 40 f/2 ya gramu 170. Inaingia mfukoni, na f/2 hupitisha mwanga mara nane ya f/5.6. Kwa mbega, hata hivyo, milimita 50 hazifiki popote. Anayewataka hao kwa dhati aazime au akodi lenzi ndefu yenye tundu kubwa kwa siku ile.

Ukifika dukani, weka lenzi kwenye kamera yako mwenyewe. Zungusha pete polepole huku ukitazama namba f ikibadilika, na kumbuka ni kwenye milimita ngapi inafika mwisho wake. Lenzi inayogota f/6.3 mapema sana imekudokeza maisha yako yajayo. Elekeza nje kwenye kitu chenye mistari iliyopangika, kama madirisha ya jengo la ghorofa au ukuta wa matofali, ukisimama ukikikabili sawasawa. Piga kwenye upana, katikati na mwisho, kisha kuza pembe zote nne. Pembe moja ikiwa na ukungu zaidi kuliko nyingine, vipande vya ndani havijakaa sawa, na hilo hakuna programu ya kulitibu. Inamishe lenzi chini uone kama bomba linateleza lenyewe. Kama imeshatumika, mulika ndani kwa tochi ya simu utafute kuvu, vile vinyuzi vyeupe kama utando wa buibui. Na kama muuzaji hakuruhusu kufanya hayo hata mlangoni pake, ukiwa umeacha fedha mezani, nenda duka jingine.