Bastola ya "1899" iliyotengenezwa Italia: namna ya kuitambua silaha ya kale na nakala yake



Huku Kombewa, kando ya Ziwa Viktoria, ambako kazi imenileta kutoka Mombasa, kuna bastola inayozungushwa kwa watu. Anayeiuza anasema ni ya afisa wa Kiingereza aliyekuja kuipiga nchi ya Seme mwaka 1899, na bei anayoitaka ni ya ng'ombe wawili. Wazee wa hapa wana nia ya kufungua chumba kidogo cha kumbukumbu za Seme na tayari wameanza kuchangishana. Waliniuliza maoni kwa kuwa wanajua sisi watu wa pwani tumezoea kuona vitu vya kale. Jibu langu fupi lilikuwa: msinunue. Jibu refu naliandika hapa, kwa sababu hata kwetu mwambao watu huuziwa kila siku vitu vya "kale" ambavyo umri wao ni mdogo kuliko wa muuzaji.

Ni bastola ya namna gani?

Wazee wetu waliziita bunduki kwa namna zinavyowashwa. Ya mrao iliwashwa kwa utambi. Ya gumegume iliwashwa kwa jiwe linalotoa cheche. Kisha ikaja ya fataki, kijikofia kidogo cha shaba chenye dawa inayowaka kikigongwa na nyundo. Bastola inayouzwa hapa ni ya fataki. Silinda yake ina matundu sita, kila tundu hutiwa baruti na risasi ya duara kwa mbele, na nyuma kuna chuchu ya kuvikwa fataki. Haitumii risasi ya ganda kama bastola za leo.

Aliyezieneza duniani ni Mmarekani Samuel Colt, aliyepata hataza yake huko Marekani mwaka 1836. Watu wa Unguja walizisikia mapema. Mwaka 1840, Ahmad bin Na'aman alipofika New York na jahazi la Sultana kwa niaba ya Sayyid Said, zawadi alizorudi nazo zilikuwamo silaha za Colt za kufyatua mfululizo. Aina iliyosifika zaidi ni ya mwaka 1851, iitwayo Navy, na ndiyo inayonakiliwa sana.

Tarehe hazikubaliani

Tuanze na hadithi yenyewe kabla ya kuigusa chuma. Ni kweli kwamba mwaka 1899 Waingereza wakiongozwa na C. W. Hobley walizishambulia Seme, Sakwa na Uyoma. Wazee hawakubuni hilo. Lakini Colt waliacha kutengeneza Navy ya 1851 mwaka 1873, na jeshi la Uingereza lilikuwa limekwisha kuichukua Webley, bastola ya risasi za ganda, mwaka 1887. Afisa aliyefika Seme mwaka 1899 akiwa na bastola ya kujaza baruti tundu kwa tundu angekuwa amebeba silaha iliyopitwa na miaka zaidi ya ishirini, tena vitani.

Je, haikuweza kuletwa na misafara ya wafanyabiashara wetu wa pwani? Misafara ilileta bunduki, lakini nyingi zilikuwa magobori marefu ya kujazwa kwa mdomo. Na tangu Mkataba wa Brussels wa 1890, mataifa ya Ulaya yalizuia silaha bora zisiingie Afrika, yakaruhusu kwa biashara bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida. Kwa hiyo mtu akikuletea gobori la babu yake, msikilize. Akikuletea bastola ya Colt, muulize maswali mengi.

Nakala zilitoka wapi?

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wamarekani walikuwa wakijiandaa kuadhimisha miaka mia ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, vya 1861 hadi 1865. Watu walitaka bastola za enzi hizo, na za asili zilikuwa chache na ghali. Mfanyabiashara Val Forgett akaenda kwa mafundi wa bunduki wa kaskazini mwa Italia, katika bonde la Val Trompia, ambako silaha zimefuliwa kwa karne nyingi. Aldo Uberti akawa mmoja wa watengenezaji wakubwa, na baadaye Pietta. Tangu hapo nakala zimetengenezwa kwa wingi mno. Hazikutengenezwa ili kudanganya mtu, ni bidhaa halali ya wapenda historia na walenga shabaha. Udanganyifu huingia pale mtu anapofuta alama, akaitia chumvi ishike kutu, kisha akaitungia hadithi.

Zinakosea wapi?

Kosa la kwanza ni la historia. Navy ya 1851 ya Colt ilikuwa na kipenyo cha inchi .36 na bodi ya chuma. Nakala nyingi za bei nafuu zina bodi ya shaba ya manjano na kipenyo cha .44. Bastola za bodi ya shaba zilikuwepo kweli upande wa Kusini, ambako chuma kilikuwa adimu. Kiwanda cha Griswold na Gunnison kilitengeneza kama 3,700. Lakini nazo zilikuwa za .36. Navy ya shaba yenye .44 ni mchanganyiko uliobuniwa baadaye ili uuzike. Na hii ya Kombewa ni hiyo hiyo: bodi ya shaba, na .44 imeandikwa kwenye mtutu.

Kosa la pili ni la umbo. Mpini wa baadhi ya nakala umepanuka kwa chini kuliko wa asili. Mchoro wa vita vya majini ulio kwenye silinda, ambao kwenye ya asili ni mwembamba na laini, kwenye nakala huwa mzito. Skrubu nazo ni za vipimo vya mita, kwa hiyo kipuri cha asili hakiingii kwenye nakala.

La tatu ni la ubora. Mtutu wa Colt hushikwa na mhimili wa katikati pamoja na kabari. Mhimili wa asili unafika hadi mwisho wa tundu lake. Kwenye nakala nyingi, hasa za Uberti, ni mfupi, hivyo ukiigonga kabari zaidi, mtutu unavutwa nyuma na silinda inakwama. Ukiilegeza, kila kitu kinacheza. Bodi ya shaba ni laini, na ikitumiwa kwa baruti nyingi inatanuka. Chuchu zisizolingana na fataki husababisha fataki kuanguka ndani ya mitambo. Na kwenye baadhi yake matundu ya silinda ni membamba kuliko mtutu, hivyo risasi haishiki mifuo sawasawa na shabaha inapotea.

Tuwe waadilifu: chuma cha leo ni imara kuliko cha 1851, na bastola za asili nazo zilikuwa zikipiga juu ya shabaha na kusumbuliwa na vipande vya fataki. Si kila ubaya ni wa Mtaliano.

Alama za kutazama

Tazama chini ya mtutu na ubavuni mwa bodi. Ukiona nyota juu ya ngao, hiyo ni alama ya ukaguzi wa serikali ya Italia. Herufi PN ni za baruti nyeusi kwa Kitaliano. Kwenye kisanduku kidogo kuna mwaka: kwanza walitumia namba za Kirumi, na kuanzia 1975 herufi mbili, AA ikiwa ndiyo ya mwaka huo. Ukisoma BLACK POWDER ONLY, yaani itiwe baruti nyeusi tu, basi umekwisha pata jibu. Mwaka 1851 baruti zote za bunduki zilikuwa hizo hizo nyeusi. Isiyo na moshi ilivumbuliwa 1884. Nani angeonya dhidi ya kitu ambacho hakijazaliwa? Ukikuta sehemu hizo zimesuguliwa na tupa huku kwingine kuna kutu, jiulize ni nini kilichofutwa.

Hatari ni kubwa kuliko hasara

Ng'ombe wawili huweza kurudi. Lakini nakala hizi si sanamu. Zinafyatua na zinaua. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka cheti kwa mwenye silaha, na hata bandia ikitumiwa katika uhalifu, mwenye nayo anashtakiwa. Kwa upande wa pili, Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Kwa hiyo hata tukimwamini muuzaji na mwaka wake wa 1899, bastola hii haingii. Ni silaha tu isiyo na karatasi, na chumba cha kumbukumbu kikipekuliwa watakaoandamana na polisi ni wazee.

Niliyowashauri ni haya. Wasiijaribu kwa baruti wala fataki, na waichukulie kuwa imejazwa. Wasiilipie wala kuiweka hata siku moja kabla polisi hawajaandikiwa na Makavazi ya Kisumu hayajaiona. Fedha walizochanga zitoshe kwanza kuwarekodi wakongwe wa Seme waliosimuliwa vita vya 1899 na wazazi wao. Hao hawatengenezwi Gardone, na wakiondoka hakuna nakala yao itakayopatikana.

Nanyi mlio Lamu, Mombasa na Unguja, kabla hujatoa fedha kwa silaha ya "babu", igeuze, uitazame chini ya mtutu, kisha umuulize muuzaji mwaka.