Saa ya Kusimamisha Seva ya Nyumbani

Leo nasema nawe uliye na seva ya Linux nyumbani, hapo Usagara au kwingineko Tanga: ile kompyuta isiyozimwa, itunzayo picha za jamaa na hesabu za duka. Masasisho yakija, je, uyaweke papo hapo, ama uiache kazi iendelee?

Kuchelewa kuna hatari. Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa kasoro ya OpenSSL iitwayo Heartbleed, ambayo kwayo mtu wa mbali aliweza kuchungulia siri zilizomo katika kumbukumbu ya seva. Dawa ilitoka siku ile ile. Lakini kuiweka tu hakukutosha, kwa kuwa programu zilizokwisha kuanza ziliendelea kutumia ile mbovu mpaka zianzishwe upya. Wengi husahau hapo.

Haraka nayo ina yake. Machi 2024 Andres Freund aliona kuingia kwa SSH katika kompyuta yake kunachelewa nusu sekunde. Akachunguza, akakuta mlango wa siri ndani ya programu ya xz, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Baadhi ya waliokimbilia mambo mapya walikwisha kuyapokea. Debian imara haikuguswa, maana hairukii matoleo mapya. Kwa kawaida huziba matundu ya yale yaliyopo.

Basi yafaa utumie Debian imara, na masasisho ya usalama yajiweke yenyewe kila siku. Hayo hayasimamishi kazi ila kitambo kidogo. Kinachosimamisha ni kerneli, kwani mpya haifanyi kazi mpaka mashine iwashwe upya. Wako wanaojisifu kuwa seva yao haijazimwa miaka miwili. Mimi siwasifu, kerneli yao nayo ina miaka miwili.

Chagua saa ambayo nyumba imelala, nawe upo karibu, si umesafiri Muheza. Kwanza weka nakala katika diski nyingine. Kerneli mpya ikikataa, ichague ya zamani katika orodha itokeayo wakati wa kuwaka.

Umeme je? Tarehe 1 Aprili 2024 gridi ya taifa ilipata hitilafu, nchi ikawa gizani. Hapana budi kuwa na betri ya akiba. Ukikatika katikati ya kusasisha, mashine ikirudi andika sudo dpkg --configure -a, nayo itajaribu kumalizia ilipoachia.

Kwaherini mpaka juma lijalo.