Kuotesha Chembe za Saratani Zitembeazo Katika Damu

Mwanafunzi akaaye Vingunguti, jirani na machinjio, huenda amewahi kuona damu ya ng'ombe iliyoachwa ndooni. Huganda, kisha juu ya bonge hutanda maji ya manjano. Hiyo ndiyo seramu. Seramu ya ndama aliye bado tumboni mwa mamaye, ikichanganywa na chumvi, sukari na vitamini, kwa miaka mingi imekuwa lishe ya kuoteshea chembe hai za binadamu katika chupa, kwenye joto la nyuzi 37 za Sentigredi.

Kazi hiyo inaidai Afrika ya Mashariki deni. Mwezi Desemba 1963, kipande cha uvimbe wa mtoto mgonjwa kilisafirishwa kwa ndege kutoka Uganda hadi London, kwa Daktari Anthony Epstein. Saratani hiyo ilikuwa imeelezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago. Ukungu uliichelewesha ndege, na chupa ilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyooza. Mwingine angeyamwaga. Epstein aliyatazama kwa hadubini, akaona chembe hai zikielea! Zilioteshwa zikazaana, na mwaka 1964 ndani yake vikaonekana virusi viitwavyo leo kwa majina ya Epstein na msaidizi wake, Yvonne Barr.

Asili ya chembe zile ni chembe nyeupe, zilizozoea kuelea. Chembe ya titi haina mazoea hayo. Ikibanduka kwa wenzake, kwa kawaida hufa. Lakini chache huokoka, zikasafiri katika damu na kuanzisha uvimbe mpya kwenye ini au mapafu. Thomas Ashworth aliziona huko Australia mwaka 1869.

Kuzipata ni taabu. Mililita moja ya damu ina chembe nyekundu zipatazo bilioni 5 na nyeupe milioni kadhaa. Ya saratani huenda ikawa moja, au isiwepo kabisa. Njia mojawapo ni kuchuja kwanza nyekundu, ambazo ni ndogo, kisha kuzibandika nyeupe vipunje vya sumaku na kuzivuta kando. Zibakizo ndizo zitafutwazo.

Mwaka 2014 wataalamu wa Boston walitangaza kuwa wameziotesha. Waliziacha zielee, wakapunguza oksijeni hadi asilimia 4, kisha wakazijaribia dawa mbalimbali. Hata hivyo, kati ya wagonjwa 36 wa saratani ya matiti waliotolewa damu, ni 6 tu ambao chembe zao ziliota, tena kwa miezi. Mama wa Vingunguti anayesubiri dawa pale Ocean Road hana miezi hiyo.