Motokari ya jamaa: fanya hesabu kabla ya kununua

Ndugu wakulima, kisha mavuno ya maharage, jamaa zingine zinaweka feza pamoja zinunue motokari. Bei ya muuzaji si bei yote. Chunguza kwanza mambo haya:

1. Nafasi. Noah iko na viti saba ao nane, lakini nafasi si nguvu. Uliza uzito inaoruhusiwa kubeba. Kama ni kilo 500, watu saba wa kilo 60 ni kilo 420 tayari. Inabaki kilo 80: mfuko mmoja wa kilo 100 haupandi.

2. Njia. Kupanda milima ya Masisi wakati wa mvua kunaomba motokari ya juu, yenye kuvuta kwa magurudumu yote mane, kama Hilux. Ila hiyo inakula mafuta zaidi. Kama unaenda Sake na Goma tu, pengine huihitaji.

3. Mafuta. Usiamini mdomo. Jaza tanki, tembea kilometa 100, jaza tena: litri ulizoongeza ndizo inazokula.

4. Piesi. Uliza mafundi wa Sake na Goma kama ziko. Kisha washa motokari asubuhi, moteri ikiwa baridi. Moshi wa bluu unaonyesha inachoma oili.

Ukinunua, bakisha feza ya breki na mipira. Na kama unasafiri mara moja tu kwa juma, kukodi pamoja na wanamemba wenzako kunaweza kuwa nafuu. Usiuze ngombe wa maziwa kwa ajili ya motokari itakayolala kwenye kiwanja.