Nyota Milioni Kumi Katika Kidoa Kimoja

Masika yakishakatika na kipupwe kikaingia, mwanzoni mwa Juni, anga la Afrika Mashariki huwa limeoshwa vumbi. Toka nje saa tatu usiku, siku isiyo na mbalamwezi, uelekee kusini. Utaiona Salibu ya Kusini imeegemea kulia, na kushoto kwake nyota mbili angavu zimefuatana. Iliyo karibu zaidi na Salibu ni Beta Centauri. Kutoka hapo panda juu, kulia kidogo, hadi nyota ya wastani iitwayo Epsilon Centauri, kisha fuata mstari huohuo kwa karibu umbali uleule. Hapo utakuta kidoa kilichofifia, kingo zake hazishikiki. Hiyo ndiyo Omega Centauri, na mwanga unaouona uling'oka huko miaka 17,000 hivi iliyopita.

Usiikodolee macho. Sehemu ya katikati ya jicho imeumbwa kwa mwanga mkali na rangi. Chembe zinazonasa mwanga hafifu zimejaa pembeni yake. Kwa hiyo tazama kando kidogo ya kidoa, nacho kitajitokeza chenyewe. Zima taa zote, weka simu mfukoni, uyape macho dakika ishirini yazoee giza. Ukiwa na darubini ya macho mawili, hata ile ya kutazamia wanyama mbugani, kidoa kinakuwa mpira wa ukungu wenye upana unaolingana na Mwezi mpevu. Na ukibahatika kupata darubini yenye kioo cha sentimita 20, ule ukungu unapasuka kuwa nyota, maelfu kwa maelfu, ndogo na kali, zikizidi kusongamana kuelekea kitovuni. Sijui kitu kingine angani kinachomshika mtazamaji wa mara ya kwanza namna hiyo, na Zohali yenye pete zake naihesabu humo.

Mkazi wa London haioni kamwe, maana kwake haichomozi. Dar es Salaam hupanda ikapita nusu ya njia kati ya upeo wa macho na utosi. Ptolemaio wa Aleksandria aliiorodhesha katika karne ya 2 kama nyota ya kawaida, na mwaka 1603 Johann Bayer akaipa herufi ya Kigiriki, omega, kama alivyozipa nyota nyingine nyingi. Mwaka 1677 Edmond Halley, kijana wa miaka ishirini hivi aliyekwenda kisiwa cha Mtakatifu Helena kupima nyota za kusini, akatambua kuwa ile ni ukungu, si nyota. Katika miaka ya 1830 John Herschel aliilenga kwa darubini yake kubwa kutoka Rasi ya Tumaini Jema, akaona kwamba katika aina yake haina mfano.

Aina hiyo wanaastronomia huiita fungunyota tufe. Kilimia, ambacho wakulima wetu wamekitazamia misimu kwa vizazi vingi, nacho ni fungunyota, lakini la aina nyingine: nyota zake zapata elfu moja, zina umri wa miaka milioni 100 hivi, na taratibu zitatawanyika. Omega Centauri ina nyota zipatazo milioni kumi, zenye umri wa takriban miaka bilioni 12, zimeshikamanishwa na mvutano wao wenyewe. Jirani wa karibu zaidi wa Jua letu yuko umbali wa miakanuru 4.2. Kitovuni mwa Omega, nyota na nyota hutenganishwa na kama sehemu moja ya kumi ya mwakanuru mmoja.

Kuna jambo lingine lisilo la kawaida. Katika fungunyota tufe hutarajiwa nyota ziwe takriban rika moja, zimezaliwa kwa gesi moja. Za Omega zimechanganyika: nyingine zina chuma kingi kuliko wenzao, dalili kwamba zilizaliwa kwa awamu. Wataalamu wengi wanaamini kuwa Omega ni kiini cha galaksi ndogo iliyomezwa zamani na galaksi yetu, Njia Nyeupe. Mwaka 2024 kundi lililoongozwa na Maximilian Häberle, wa Taasisi ya Max Planck huko Heidelberg, lilieleza katika jarida la Nature jinsi lilivyopitia picha zaidi ya 500 za darubini ya Hubble, nyingi zikiwa zilipigwa kwa ajili tu ya kurekebisha vifaa vyake. Humo wakapata nyota saba karibu na kitovu zikienda kasi kiasi kwamba zingepaswa kuwa zimekwishatoroka. Kinachozizuia, kwa hesabu yao, ni shimo jeusi lenye uzito usiopungua majua 8,200.

Baada ya Omega usiingie ndani upesi. Kufikia saa tano usiku kundinyota la Nge limepanda juu na lile la Mshale linalifuata upande wa mashariki. Kando kidogo ya Antares, nyota nyekundu ya Nge, darubini ya macho mawili itakuonyesha fungunyota tufe jingine, M4. Songa hadi Mshale upate M22, na ukipekua taratibu eneo lote lile utakutana na mengine mengi. Mafungunyota tufe yanayojulikana katika Njia Nyeupe ni zaidi ya 150, na sehemu kubwa imerundikana upande huo mmoja wa anga. Mwanaastronomia Harlow Shapley, akiwa Mount Wilson, California, aliupima umbali wa mrundikano huo kwa nyota ambazo mwanga wake hupanda na kushuka, akiendeleza ugunduzi wa Henrietta Leavitt kuhusu nyota za namna hiyo. Mwaka 1918 akatangaza kwamba mafungunyota hayo yanakizunguka kitovu cha galaksi, na kwamba kitovu hicho kiko mbali na Jua, kule nyuma ya Mshale. Umbali aliutia chumvi bila kujua, kwani vumbi la angani lilikuwa halijaingizwa katika hesabu. Leo tunausoma kuwa miakanuru 26,000 hivi. Mwelekeo aliupata sawasawa, nao ndio takriban unaoutazama ukiwa na M22 katikati ya kioo.