Paa la daraja lililowatia wazee hofu

Nyumba isiyo na paa haidumu. Mvua hulowesha kuta, jua hupasua mbao, na baada ya miaka michache mwenyewe hubaki akiokota kuni. Lakini je, msomaji, umewahi kusikia daraja lililoezekwa kama nyumba?

Daraja la namna hiyo liko Hartland, mji mdogo katika mkoa wa New Brunswick, mashariki mwa Canada. Linavuka mto Saint John na lina urefu wa mita 391. Miongoni mwa madaraja ya mbao yenye kuta na paa, ndilo refu zaidi duniani.

Lilijengwa na kampuni ya wenyeji waliochoka kuvuka kwa feri. Inasimuliwa kwamba Mei 13, 1901, kabla halijakamilika, daktari mmoja aliitwa kwa dharura ng'ambo ya mto. Mafundi walitandika mbao haraka ili apite na kumwahi mgonjwa wake. Sherehe za ufunguzi zilifanywa Julai 4 mwaka huo. Waliovuka walilipa ada hadi serikali iliponunua daraja hilo mwaka wa 1906.

Wakati huo halikuwa na paa. Kisha mwaka wa 1920, mabonge ya barafu yaliyokuwa yakisukumwa na mto yaliangusha sehemu zake mbili. Katika kulitengeneza upya, ikaamuliwa pia liezekwe.

Hapo ndipo zogo lilipoanza. Baadhi ya wakazi walipinga wakisema kwamba giza la ndani lingewapotosha vijana. Hofu yao haikutoka hewani. Katika madaraja ya aina hiyo, kijana aliyempakia mchumba wake kwenye gari la farasi angeweza kusimama katikati, mbali na macho ya wazazi, akaiba busu. Inasemekana farasi wengine walizoea mchezo huo hata wakawa wanasimama wenyewe bila ya kuambiwa!

Pamoja na malalamiko hayo, kufikia mwaka wa 1922 daraja lilikuwa limeezekwa.

Paa hilo halikuwekwa kwa ajili ya urembo. Adui mkubwa wa daraja la mbao ni maji yanayojipenyeza kwenye maungio ya mihimili na kuiozesha. Daraja lililo wazi huweza kuoza baada ya miaka 10 au 15, ilhali lililofunikwa huweza kudumu miaka 80 au zaidi. Mbao za paa na kuta zikichakaa, fundi huzibadilisha kwa urahisi. Mihimili, ambayo ndiyo inayobeba mzigo wote, hubaki mikavu.

Mwaka wa 1945 daraja hilo liliongezewa njia ya watembea kwa miguu, na mwaka wa 1980 likatangazwa kuwa kumbukumbu ya kihistoria ya taifa. Njia ya magari ni moja tu, hivyo wa upande mmoja huwasubiri wa upande mwingine. Wageni nao huambiwa wazuie pumzi wanapovuka na kunuia jambo moyoni, eti litatimia.

Wazee wa Hartland walikuwa na haki ya kuwahofia watoto wao. Hata hivyo, kama wangesikilizwa, huenda wajukuu wao wangelijua daraja hilo kwa picha tu.