Mapunye: Ugonjwa wa watoto unaoweza kuacha upara wa kudumu

MTOTO wa shule ya msingi anaponyonyoka nywele kwa mabaka ya mviringo, wazazi wengi huona ni jambo dogo litakalokwisha lenyewe. Iwe ni Kagerankanda, wilayani Kasulu mkoani Kigoma, au Manzese jijini Dar es Salaam, mabaka hayo mara nyingi huwa ni mapunye, maradhi ya fangasi wa kichwani yanayoambukiza.

Fangasi hao hawakai juu ya ngozi tu. Huingia ndani ya unywele na kuudhoofisha hadi ukatike, ndiyo maana baka huwa na magamba meupe na vidoa vyeusi vya nywele zilizokatika. Hapo ndipo wengi wanapopoteza fedha: dawa ya kupaka haifiki kwenye mzizi.

Tiba yake ni ya kumeza. Griseofulvin, dawa ya siku nyingi, hutumiwa kwa wiki 6 hadi 8 kulingana na uzito wa mtoto, na hufyonzwa vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta. Shampuu ya kuua fangasi hupunguza kuambukiza wengine, lakini peke yake haiponyi.

Baadhi ya watoto huota uvimbe laini unaotoa usaha. Uvimbe huo hudhaniwa kuwa jipu na kupasuliwa bila sababu. Ukicheleweshewa dawa huacha kovu, na penye kovu nywele hazioti tena.

Kunyoa watoto wa shule hakuna ubaya. Ubaya ni wembe au mashine moja kupita vichwa vingi bila kusafishwa. Vitana, kofia na mito visichangiwe, na ndugu wanaolala pamoja na mgonjwa wachunguzwe pia.

Kwa akina mama, adui ni msuko unaokaza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 huko Cape Town, Afrika Kusini, uliwakuta karibu theluthi moja ya wanawake wakiwa wamepoteza nywele kwa kuvutwa. Msuko unaouma au kuleta vipele kwenye paji la uso ufumuliwe mapema, kabla mizizi haijafa.

Madaktari bingwa wa ngozi ni adimu mikoani. Ndiyo sababu kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichoanzishwa mwaka 1992 katika Hospitali ya KCMC, Moshi, huwafundisha pia maofisa tabibu, ili mgonjwa wa Kasulu asilazimike kuvuka nchi kutafuta tiba.